Kupiga mbwa picha kwa pesa: Kamera ndiyo rahisi, mkataba ndio kazi

Mwambie mtu mtaani kwamba kuna msee analipwa kupiga mbwa picha. Kwanza atacheka. Kisha atauliza: mbwa yupi huyo ana pesa ya kulipa?

Si swali la ujinga. Wengi wetu tulikua na mbwa aliyeitwa Simba ama Tommy, akilala nje na kula ukoko wa ugali na mifupa. Picha pekee ya mbwa tuliyoijua ni ile iliyochorwa kwenye geti, meno nje, chini ya maneno "Mbwa Kali". Huko Pwani, familia nyingi hazimfugi kabisa kwa sababu za dini. Mbwa aliyetulia kwenye kochi akipigwa picha alikuwa mambo ya sinema.

Lakini hebu angalia vizuri wiki hii. Mfuko wa chakula cha mbwa kwenye supamaketi una mbwa. Gari la kampuni ya ulinzi lina mbwa ubavuni. Tangazo la fleti mpya za Kileleshwa ama Ruaka lina familia changa, kochi la kijivu, na mbwa mweupe mwenye manyoya kama pamba. Kliniki za mifugo nazo, hoteli nazo, kampuni za bima nazo. Nyingi ya picha hizo kuna mtu alilala chini kwenye nyasi kuzipiga. Kuna waliolipwa vizuri. Kuna waliolipwa mara moja, pesa kidogo, kisha wakaona picha yao ikizunguka mji miaka na miaka bila hata shilingi moja kurudi.

Kinachowatenganisha hao wawili ni karatasi, na hiyo ndiyo stori ya leo.

Nimekuwa nikimsaidia dada mmoja anayefanya kazi hii hapa Nairobi: kushika reflekta, kubeba taa, kuokota kile mbwa huacha nyuma. Jina lake nitalificha kwa sababu wateja wake ni miongoni mwa nitakaowazungumzia. Haya ndiyo niliyoyaona nikiwa pembeni ya seti.

PICHA YA MWENYE MBWA NA PICHA YA KAMPUNI

Kuna kazi mbili zinazofanana kwa mbali. Ya kwanza ni ya mwenye mbwa. Anakupigia simu, anataka picha za Bosco kabla hajazeeka. Unaenda kwake Jumamosi, mnacheza na Bosco kama saa moja, unamtumia picha kumi na tano na moja ya kuning'iniza ukutani. Huyu anampenda Bosco hata akitoka amefunga jicho moja. Ukimpata Bosco akiwa Bosco, kazi imeisha na M-Pesa inalia.

Ya pili ni ya kampuni. Hapa hakuna anayejali mbwa anaitwa nani. Ajensi ya matangazo inakutumia brifu, yaani maelezo ya kinachotakiwa, na mara nyingi yanasomeka hivi: mbwa mkubwa wa rangi ya dhahabu, mwenye furaha, anakimbia kuelekea kamera, jua la asubuhi, nafasi tupu upande wa kulia. Hiyo nafasi tupu ndiyo ya maandishi na nembo. Ukimpiga mbwa akajaza picha nzima, hata awe mrembo namna gani, mbunifu wa tangazo hana pa kuandika, na picha imekufa. Tena picha ileile hutakiwa ya wima kwa simu, ya mlalo kwa bango, na ya mraba kwa posti.

Siku ya kazi kuna mtu wa kampuni, mtu wa ajensi, mwenye mbwa, mkufunzi wa mbwa, mpiga picha na msaidizi. Watu sita wanamwangalia kiumbe mmoja ambaye hajasoma brifu.

KABLA YA KAMERA KUTOKA KWENYE MKOBA

Kazi huanza siku kadhaa mapema, kwa kumtafuta mbwa. Hapa kwetu mara nyingi anapatikana kupitia wakufunzi, wafugaji, wateja wa zamani na makundi ya WhatsApp. Uzuri wa sura ni sehemu ndogo tu ya mtihani. Swali kubwa ni je, anaweza kukaa akiambiwa akae, taa zikiwaka, watu wageni wakizunguka, na pikipiki ikipita nje? Mbwa mrembo anayeogopa watu hafai tangazo, na kumlazimisha ni kumtesa.

Ndiyo maana huitwa mbwa wawili, wa pili akiwa wa akiba. Wa kwanza akichoka ama akikataa kazi, mnaendelea na mwenzake. Gharama ya mbwa wa akiba, usafiri wake na ya mwenyewe huingia kwenye bei mapema. Ukisahau kuiandika, unailipa wewe.

Kisha kuna chanjo. Anayekutana na mbwa wapya kila wiki hafai kuona haya kuuliza cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kenya ina mpango wa kitaifa wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, maana yake ugonjwa huo bado uko nasi. Ukiumwa ama kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone kama utaugua, kwa sababu dalili zikianza huwa karibu hakuna matibabu ya kukuokoa. Watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo nao hawawekwi kwenye nyasi za umma ambako mbwa wengi hupita, wasije wakachukua magonjwa kama parvo.

Mahali pia panataka mpango. Msitu wa Karura, kwa mfano, unaruhusu mbwa waliofungwa kamba, lakini picha za biashara ni habari nyingine na huombewa kibali. Ukifika na taa, reflekta na watu sita ukisema mko matembezini, hakuna askari atakayekuamini.

SIKU YENYEWE

Jambo la kwanza mpiga picha wa mbwa hufanya ni kulala chini. Picha inayopigwa ukiwa umesimama inaonyesha mgongo na kichwa kikubwa, kama vile kila mtu humwona mbwa kila siku. Ukishuka usawa wa macho yake, unaingia kwenye dunia yake.

Elliott Erwitt, mpiga picha wa Marekani aliyefariki mwaka 2023, alijua hivyo mapema. Mwaka 1946 kule New York alikuwa kwenye kazi ya picha za viatu vya wanawake, akaamua kuvitazama viatu hivyo kutoka kimo cha mbwa. Alitoka na picha ya chihuahua mdogo aliyevalishwa sweta, amesimama karibu na miguu ya mwanamke. Viatu vyenyewe wachache wanavikumbuka, lakini mbwa yule bado anaonyeshwa mpaka leo. Erwitt pia alijulikana kwa kubweka ili mbwa washtuke na kuruka. Wazee wa kazi hawakuwa na aibu.

Mambo ya kamera hayana uchawi. Mbwa anayekimbia anataka shata ya 1/1000 ya sekunde ama kasi zaidi, la sivyo miguu inakuwa ukungu. Fokasi hukaa kwenye macho. Tangu 2019 Sony ilipoleta fokasi inayotambua macho ya wanyama, na kampuni nyingine zikaingia njia hiyohiyo, sehemu hii imekuwa rahisi sana. Flashi ya juu ya kamera huachwa, kwa sababu nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, na macho hutoka ya kijani kama ya sinema za kutisha.

Mbwa weusi na weupe ndio huwanyoosha wanaoanza. Kamera ikiona weusi umejaza fremu hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na mbwa mweusi anatoka kijivu. Ikiona weupe inapunguza mwanga, na yule wa pamba anatoka kama hajaoga. Kwa hivyo mweusi unampunguzia mwanga kwa mkono, mweupe unamwongezea.

Ujuzi mwingine uko nje ya kamera. Mbwa haoni rangi kama sisi. Anatofautisha vizuri bluu na manjano, ilhali nyekundu na kijani humchanganya. Ukimrushia mpira mwekundu kwenye nyasi unampa kazi ya kuutafuta kwa pua. Mrushie wa bluu, utaona anavyoufuata kwa macho. Masikio yake nayo husikia sauti za juu ambazo sisi hatuzisikii, ndiyo maana kitoto cha mpira kinacholia kikibonyezwa humfanya ainamishe kichwa vizuri sana. Lakini ujanja huo hufanya kazi mara mbili tatu, kisha anakizoea. Anayekibonyeza kabla ya taa kuwa tayari amechoma risasi zake zote hewani.

Chakula ndicho mshahara wa mbwa. Vipande vidogo vya maini ama kuku aliyechemshwa bila chumvi hufanya maajabu. Smokie iache kwa muuzaji wake, ina chumvi nyingi. Vitunguu, chokoleti, zabibu, na chochote chenye sukari ya xylitol kama bablishi nyingine, ni sumu kwake. Nimeona mtu wa ajensi akitaka kumpa mbwa kipande cha keki ya chokoleti ili atulie. Mpiga picha alisimamisha kazi papo hapo mpaka keki ikarudi jikoni.

Saa ya kazi ya mbwa ni fupi. Dakika kumi hadi kumi na tano, kisha mapumziko, maji na kivuli. Akianza kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, kulaza masikio nyuma ama kuonyesha weupe wa macho, anakuambia imetosha. Hapo hata mteja akisema "moja tu ya mwisho", mpiga picha mzuri huweka kamera chini. Kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na kuna jambo rahisi kuliko sheria: mbwa mwenye hofu huonekana mwenye hofu hata kwenye picha, na hakuna anayenunua chakula kwa kuona mbwa mwenye hofu.

Na wale mbwa watano waliokaa mstari mmoja kwenye tangazo, wote wakiangalia mbele? Mara nyingi hawakukaa. Kila mmoja alipigwa peke yake, kamera ikiwa imefungwa kwenye stendi bila kusogea, kisha wakaunganishwa kwa Photoshop. Kamba za shingoni nazo hufutwa hukohuko. Ndiyo maana kabla ya mbwa kuingia hupigwa picha ya mahali patupu, ili kuwe na nyasi safi ya kufunika kamba. Usalama unabaki, na tangazo linapata mbwa aliye huru.

SASA TUJE KWENYE KARATASI

Hapa ndipo vijana wengi wenye vipaji hulia.

Kuna kazi moja aliyofanya huyu dada kabla sijaanza kumsaidia. Biashara fulani ilimwita apige picha kumi za mbwa za kuweka Instagram. Walikubaliana bei kwa meseji, pesa ikaingia, kila mtu akafurahi. Miezi ikapita. Siku moja rafiki akamtumia picha ya rafu dukani: mbwa wake alikuwa kwenye paketi ya bidhaa. Baadaye akamwona tena kwenye ubavu wa gari la kusambaza mizigo. Alipopiga simu kuuliza, jibu lilikuwa fupi: tulilipa, picha ni zetu.

Alienda kwa wakili akiwa na hasira. Akatoka kimya, kwa sababu sheria ilikuwa imekaa upande ule mwingine.

Iko hivi. Kwa kawaida anayebuni kazi ndiye mwenye hakimiliki tangu mwanzo, hata bila kuisajili. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano kati yenu ya kuzuia ama kupunguza uhamisho huo. Soma tena hapo mwisho. Ukinyamaza, mteja anachukua. Ukiandika, unabaki na chako.

Vijana wengi hujifunza upigaji picha kwa video za Wamarekani na Waingereza mtandaoni, na kule mpiga picha wa kujitegemea kwa kawaida hubaki na hakimiliki yake mpaka atie sahihi kuitoa. Msee anakuja kazini Nairobi akidhani kimya chake kinamlinda, kumbe kinamvua nguo. Na si jambo la mwaka mmoja: hakimiliki ya picha hapa Kenya hudumu miaka 50. Kinachobaki kwako hata baada ya uhamisho ni haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiwe mbunifu, na ya kupinga kazi yako ikiharibiwa kwa namna inayokushushia heshima. Ni haki muhimu, lakini hazilipi kodi ya keja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiongea na freelansa.

MBWA WA PAUNI 100

Kwamba picha na haki ya kuitumia ni vitu viwili, si mambo ya juzi. Mchoraji Mwingereza Francis Barraud alichora mbwa aitwaye Nipper akisikiliza sauti kutoka kwenye mashine. Mwaka 1899 kampuni ya Gramophone ikaitaka picha hiyo, mradi abadilishe mashine na kuweka ya kwao. Ikalipa pauni 100, na pesa hizo ziligawanywa mara mbili: pauni 50 za picha yenyewe, pauni 50 za hakimiliki.

Mbwa huyo ndiye akawa nembo ya santuri za His Master's Voice. Waliotuzaa huenda walimwona bila kujua. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake za Kiswahili, na aliyezirekodi ni kampuni ya mbwa huyohuyo. Fikiria picha moja imetoka studio ya mchoraji Uingereza mpaka kwenye muziki wa Pwani yetu, ikiuza sahani dunia nzima kwa miongo. Kisha ujiulize kama pauni 50 zile za hakimiliki zilikuwa nyingi ama kidogo. Barraud angalau alijua anauza nini. Wewe ukituma picha kwa meseji tupu, hujui hata umeuza.

MASWALI MANNE YANAYOBEBA BEI

Wanaoishi kwa kazi hii hawauzi picha, wanauza ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo huandikwa kwa kujibu maswali manne.

Itatumika wapi? Instagram, mabango ya barabarani, paketi na televisheni si kitu kimoja.

Kwa muda gani? Miezi sita, mwaka, miaka miwili. Muda ukiisha na mteja bado anaitaka, analipa tena.

Nchi zipi? Kenya peke yake, ama Afrika Mashariki nzima?

Ni wao pekee? Kama hawataki mshindani wao aguse picha ile, wanakuzuia kuiuza kwingine, na kuzuiwa kuna bei.

Tuchukue mfano, namba ni za kuelezea tu. Sema siku yako ya kazi ni Sh40,000, na gharama za mbwa, mkufunzi na usafiri ni Sh15,000. Hiyo ni Sh55,000 ya kufanya kazi. Ruhusa ya mitandao kwa miezi sita nchini Kenya unaiongeza labda Sh20,000. Mteja akija baadaye akitaka kuweka mbwa kwenye paketi kwa miaka miwili, hakuna kelele, kuna ankara mpya. Yule dada sasa hufanya hivi, na mara ya kwanza mteja aliporudi kuomba kuongezewa muda, alilipwa bila kubeba kamera. Alinunua taa mpya kwa picha aliyoipiga mwaka uliotangulia.

Mkataba pia huandikwa nani analipa mvua ikinyesha ama mbwa akiugua asubuhi ya kazi, marekebisho ni mangapi, na kama picha zinaweza kutumiwa kufundisha programu za akili unde. Depo ya nusu hulipwa kabla ya siku ya kazi. Kampuni kubwa hukaa siku 30, 60 hata 90 kabla ya kulipa, na mkufunzi wa mbwa hatakungoja mpaka robo mwaka iishe.

Usisahau watu. Mbwa hana haki ya kukataa picha, lakini mwenye mbwa atie sahihi fomu ya ridhaa. Uso wa binadamu ukionekana, hata wa mtoto aliyepita nyuma akicheza, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaingia. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kampuni iliyokupa kazi ikipata shida kama hiyo, ujue simu ya kwanza ni kwako.

Na kuna KRA. Kampuni itataka ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo inawasumbua wakati wa kodi. Ikikulipa Sh24,000 au zaidi kwa mwezi kama ada ya utaalamu, itakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Usipige nduru kwamba umeibiwa. Dai cheti chake, kitakusaidia ukifanya hesabu za mwaka.

NA HII AKILI UNDE?

Swali lipo na halikwepeki. Anayetaka mbwa yeyote wa dhahabu kwenye nyasi yoyote anaweza kuandika sentensi moja kwenye kompyuta na kupata mbwa asiyekula, asiyechoka wala kudai depo. Kazi za aina hiyo zitapungua, na anayejenga maisha juu yake peke yake anajenga kwenye mchanga.

Lakini kampuni ya ulinzi inataka mbwa wake wenyewe, na walinzi wake wenyewe wakiwa na sare zao. Kliniki inataka daktari wake akiwa na mgonjwa wa kweli. Hoteli inataka veranda yake, na mbwa wa mgeni amelala pale. Shirika linalotafutia mbwa makao haliwezi kuonyesha mbwa ambaye hayupo. Hapo ndipo kazi imebaki: mbwa huyu, mahali hapa, leo. Bahati nzuri hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi kufanya na ngumu zaidi kuiga.

UNAANZIA WAPI

Hauhitaji mbwa wa bei ya gari. Anza na wa jirani, simu yako, na magoti yasiyoogopa matope. Ukiweza kupata picha kumi za mbwa mmoja wa kienyeji ambazo mtu asiyempenda mbwa atazitazama mara mbili, una kitu.

Kama utajitolea, jitolee mahali panapostahili. KSPCA kule Karen ina mbwa wanaotafuta familia, na picha nzuri inaweza kumtoa mmoja kwenye kizimba. Hudhuria maonyesho ya mbwa ya East Africa Kennel Club uone mamia ya mbwa na jinsi wenyewe wanavyowashika. Msaidie anayefanya kazi tayari, hata kama ni kubeba stendi. Lakini kampuni yenye bajeti ya matangazo ikikuomba picha za sare ili "upate jina", kumbuka kwamba mwenye duka la chakula cha mbwa hampi mbwa wako chakula ili apate jina.

Kazi ya kwanza ikija wiki hii, usisubiri mpaka upate pesa ya wakili ndipo uandike. Kabla ya kuchaji betri, tuma maneno haya kwa barua pepe, na usitoke nyumbani kabla hawajajibu kwamba wamekubali:

"Habari. Asante kwa kunipa kazi hii. Bei ni Sh____, nusu ikilipwa kabla ya siku ya kazi. Bei hii ni ya picha ____, zitakazotumika kwenye ____ pekee, nchini ____, kwa miezi ____. Hakimiliki ya picha zote inabaki kwangu. Matumizi mengine yoyote tutayajadili na kuyaandikia bei yake. Tafadhali jibu ujumbe huu kuthibitisha kwamba umekubali."

Ni sentensi chache. Mteja mzuri atajibu ndani ya siku moja ama mbili. Atakayekasirika kwa kuulizwa amekuonyesha mapema picha yako ingeishia wapi.